Cherehani ya mtumba kwa kazi ya ngozi: soma dalili kabla hujatoa hela

Cherehani yangu ya kwanza ya ngozi niliinunua Kariakoo kwa sababu ya kipande cha jinzi. Muuzaji alikikunja mara nne, akakanyaga pedeli, na mshono ukatoka umenyooka kama mstari wa rula. "Dada, hii hata ngozi ya kifaru inapita," akaniambia, nami nikalipa. Jioni ile nikaweka chini ya sindano mikanda miwili ya ngozi ya ng'ombe, kila mmoja milimita 2, ya kutengenezea makubazi. Sindano ikazama, ikanyanyuka na ngozi yake, ikaruka mishono mitatu, ikashona mmoja, ikaruka tena. Mwezi ule nilimwita fundi mara tatu. Alikuwa mtu mwaminifu na alihangaika kweli, lakini mashine haikuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Ilikuwa imeumbwa kwa ajili ya kitambaa.

Jinzi mara nne na ngozi yangu unene ulikaribiana. Tofauti ni kwamba jinzi ina nafasi kati ya nyuzi zake, sindano inapenya kwa kuzisukuma pembeni. Ngozi haina nafasi hizo. Sindano inatoboa tundu lake yenyewe, na ikianza kupanda, tundu hilo linaibana. Ndiyo maana jaribio la jinzi halikuambii lolote.

Tangu hapo, kila dalili ninayoiona dukani naiuliza swali moja: huu ni ugonjwa au ni umbile? Ugonjwa unatibika kwa sindano mpya, mafuta, bisibisi na fundi anayejua kazi yake, na unaweza hata kukusaidia kupunguza bei. Umbile halibadiliki hata ukimleta fundi kutoka wapi.

Cha kubeba kwenye mfuko

Beba vipande vya ngozi unayoshona wewe, vya urefu wa kiganja, pamoja na kipande chenye ngazi: tabaka mbili upande mmoja, nne upande wa pili. Beba uzi wako wa nailoni au poliesta, karatasi mbili za daftari, kipande cha soksi ya nailoni ya kike, na sindano mpya.

Kwenye sindano usikisie. Cherehani za nyumbani hutumia sindano ya shina bapa, mfumo wa 130/705 H, na ya ngozi huandikwa LL mwishoni. Nyingi za kiwandani hutumia shina la duara: DBx1 yenye shina jembamba, au DPx17 yenye shina nene, ambayo ndugu yake wa ngozi ni DPx16. Sindano ya ngozi ncha yake imenolewa kama kipatasi kidogo, inakata badala ya kusukuma.

Namba za uzi na sindano huwachanganya wengi kwa sababu zinakwenda kinyume. Sindano, namba ikipanda unene unapanda: 14, 16, 18, 22. Uzi, kwa namba zinazoandikwa kwenye bobini nyingi za viwandani, namba ikishuka ndiyo unene unapanda: 40 ni wa pochi na mikoba laini, 20 ni mnene, wa mikanda na mabegi mazito. Uzi wa 40 unakaa vizuri na sindano ya 16 au 18. Wa 20 unataka 21 au 22. Hapo hapo muulize muuzaji mashine yake inachukua sindano nene kiasi gani. Akisema mwisho ni 18, umeshajua haitakushonea mikanda.

Dalili: ngozi haisogei, au tabaka la juu linabaki nyuma

Kabla ya kuwasha mota, teremsha mguu unaokandamiza, zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako, na uinamishe kichwa macho yawe usawa wa sindano. Angalia ni nini kinachoisogeza ngozi. Nusu ya uamuzi wako iko hapa.

Aina ya kwanza, meno ya chini (yale yanayochomoza kwenye bati chini ya mguu) peke yake ndiyo yanayosogea. Sindano inapanda na kushuka palepale, mguu umetulia. Hizi ndizo cherehani nyingi za nyumbani, nyeusi za miguu tulizokua tukiziona barazani, na pia mashine nyingi za viwanda vya nguo kama Juki DDL-8700, ambayo imetengenezwa kupiga hadi mishono 5,500 kwa dakika. Mbio hizo ni kwa ajili ya mashati. Kwenye ngozi meno yanavuta tabaka la chini huku mguu ukilishikilia la juu, na ukifika mwisho wa mkanda wa sentimita 40 unakuta tabaka moja limelizidi lingine. Meno hayohayo huacha alama za kung'ata upande wa chini.

Aina ya pili, sindano yenyewe inatembea kwenda nyuma pamoja na meno ikiwa ndani ya ngozi. Tabaka haziwezi kuachana kwa sababu zimechomwa pamoja.

Aina ya tatu ina miguu miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayopokezana. Mguu wa ndani, sindano na meno vinasogea pamoja, kisha mguu wa nje unashuka kushikilia. Juki LU-563, Pfaff 545, Consew 206RB na Singer 111W155 ni za ukoo huu. Pfaff 335 ni ya ukoo huohuo ila mkono wake ni wa bomba, unaingia ndani ya begi au kiatu. Kwa mtu anayetaka kula kwa mabegi na mikanda, mimi namwambia atafute aina ya tatu, hata kama rangi imebanduka na meza yake imeoza.

Sasa tuseme ni aina ya kwanza na ngozi inakwama. Jaribu kupaka poda ya mtoto kidogo juu ya ngozi, au omba mguu wa plastiki nyeupe inayoteleza, au mguu wa kigurudumu. Ikianza kusogea, tatizo lilikuwa mguu kunata. Ikibaki vilevile, pitisha kidole juu ya meno. Yawe makali kiasi cha kukwaruza ngozi ya kidole. Yakiwa laini yamelika, na hayo yanabadilishwa. Mashine hiyo unaweza kuichukua kwa kazi ya ngozi ya mbuzi au kondoo, tabaka mbili za milimita 1, uzi wa 40, taratibu. Usiichukue kwa ahadi ya zaidi ya hapo.

Ikiwa ni aina ya tatu na mishono inafupika inapopanda ngazi ya ngozi, usikimbie. Mara nyingi miguu ile miwili haiinuki vya kutosha, na mashine nyingi zina nati au kitufe cha kuongeza mwinuko huo. Mwombe muuzaji aongeze, kisha rudia ngazi.

Halafu jaribio la karatasi, ambalo silikosi. Toa uzi wote, shona karatasi ya daftari kwenda mbele, kisha rudi nyuma kwenye matundu yaleyale. Inue karatasi kwenye mwanga. Umbali wa matundu uwe sawa mwanzo hadi mwisho, na ya kurudi yaangukie karibu na ya kwenda. Yakitofautiana kidogo tu, fundi anarekebisha. Yakiwa yanacheza, moja refu, moja fupi, bila mpangilio, viungo vya ndani vimelika, na hiyo ni gharama.

Dalili: mshono unaruka

Hii ndiyo itakayokulia hela kuliko zote, maana kila muuzaji ana maelezo yake. Ifuate hatua kwa hatua.

Anza na sindano. Ile iliyomo huenda ina miezi humo. Weka yako. Kwenye cherehani ya nyumbani ubapa wa shina mara nyingi unatazama nyuma. Kwenye mashine nyingi za kiwandani mfereji mrefu wa sindano unatazama kushoto. Sindano ikigeuzwa kidogo tu, mshono unaruka na watu wazima wanaanza kufungua mashine bure.

Ikiendelea kuruka, weka ngozi, zungusha kwa mkono polepole, na tazama ngozi yenyewe badala ya sindano. Kinachotakiwa kutokea ni hiki: sindano inafika chini kabisa, inaanza kupanda, na ikipanda karibu milimita 2 uzi unatunuka nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano iliyo chini inapita hapo hapo na kukinasa. Sasa kama ngozi inapanda pamoja na sindano, uzi hautunuki, kitanzi hakipo, ndoano inapita patupu. Utaiona kwa macho, ngozi inavimba kuizunguka sindano kama ngozi ya ngoma iliyosukumwa kutoka chini.

Kaza skrubu ya juu inayobana springi ya mguu, na uangalie pia tundu la bati la chini. Tundu likiwa pana sana kwa sindano yako, ngozi inaingia humo na kutoka. Ukikaza mpaka mwisho na ngozi bado inapanda, hilo ni umbile. Ndilo lililonikuta mimi. Mrudishie mwenye mali mashine yake, mshukuru, ondoka.

Ngozi ikitulia lakini mshono bado unaruka, omba kufungua sehemu ya bobini na umulike kwa simu. Ncha ya ndoano iwe kali na isiyo na pengo. Iliyobutuka au kukatika lazima ibadilishwe, kwa hiyo kabla ya kukubali bei pita maduka ya vipuri uulizie ndoano ya modeli hiyohiyo. Ikipatikana, punguza bei kwa gharama yake. Isipopatikana, hiyo mashine ni chuma chakavu chenye rangi nzuri.

Ncha ikiwa nzima, angalia inavyoipita sindano. Nafasi kati yake isizidi unene wa karatasi ya daftari. Ikiwa mbali, au inapita wakati sindano imeshapanda sana, majira yamehama, yaani ndoano na sindano hazikutani tena kwa wakati wake. Mara nyingi mwenye mashine wa zamani aliwahi kuipigisha sindano kwenye chuma, au alitumia sindano ya mfumo mwingine akashusha nguzo ya sindano (chuma kinachoishika sindano) ili ifike. Huu ni ugonjwa safi, fundi mjuzi anautibu kwa muda mfupi. Ni sababu nzuri ya kupunguza bei, na mimi mashine niliyonayo sasa niliipata hivyo: ilikuwa inaruka, wateja wawili walishaikataa, ndoano yake ilikuwa mpya kabisa.

Jambo dogo kwa sisi wa makubazi: gundi ambayo haijakauka inaganda kwenye sindano na kuzuia kitanzi. Usipeleke dukani vipande vilivyogundishwa asubuhi ileile.

Dalili: uzi unachanika au unakatika

Kwanza, uzi mnene kwenye sindano nyembamba. Toa sindano, ipitishe kwenye uzi, shika uzi wima. Sindano iteremke yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama, ongeza namba ya sindano.

Pili, makovu. Chukua ile soksi ya nailoni, ipitishe taratibu kwenye ndoano, kwenye tundu la bati, na kila mahali uzi unapogusa. Inaponasa pana kovu la chuma. Kovu dogo linasuguliwa kwa msasa laini sana. Kovu refu kwenye ndoano usilipuuze.

Tatu, joto. Mota ya kasi kwenye ngozi nene huchemsha sindano, na nailoni inayeyuka. Ukiona ncha ya uzi uliokatika imekuwa kidonge kigumu, ni joto. Iliyokatika kwa kuchanika huwa na manyoya. Punguza kasi.

Rundo la uzi likitokea chini ya ngozi, watu hukimbilia kukaza bobini. Tazama juu: mara nyingi uzi haukukaa katikati ya visahani vinavyoubana, kwa sababu ulitungwa mguu ukiwa umeshushwa. Inua mguu, tunga upya.

Dalili: mota inanguruma lakini haizunguki

Mashine nyingi za kiwandani zinashuka bandarini zikiwa zimetoka viwandani nje ya nchi, na mota zao zilikuwa za umeme wa njia tatu. Soma kibao cha mota. Ukiona 3~ na 380 au 400 V, nyumba yenye umeme wa kawaida wa 230 V haitaiendesha. Itanguruma, itapata moto, na LUKU itakwenda bure. Mota iliyoandikwa 100 V au 110 V nayo ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Kama kibao kinasema 1~ na 220 au 230 V na bado inanguruma, mshuku kapasita kwanza (kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), ambayo ni ya kubadilisha tu.

Mota isikufanye uache kichwa kizuri, yaani mashine yenyewe bila meza na mota. Hesabu bei ya mota ya servo ya njia moja (ile inayozunguka unapokanyaga pedeli tu), itoe kwenye bei ya mashine, na ununue zote mbili. Kwa ngozi mimi siwezi kuirudia ile mota ya zamani inayozunguka muda wote hata usiposhona. Ukigusa pedeli inaruka mishono kumi, na kwenye kona ya begi unataka mshono mmoja mmoja. Usipoweza kubadilisha mota, badilisha puli. Mota ya mizunguko 2,850 yenye puli ya milimita 50, ikivuta gurudumu la milimita 100, inakupa karibu mishono 1,425 kwa dakika. Kadiri puli ya mota inavyokuwa ndogo, ndivyo kasi inavyoshuka na nguvu ya kutoboa inavyopanda.

Dalili: inakwama ikifika kwenye kiungo kinene

Zungusha kwa mkono. Ukipita kwa mkono bila shida, kichwa ni kizima, tatizo ni mkanda wa mota uliolegea au mota isiyo na nguvu. Usipopita hata kwa mkono, sindano ni butu au nyembamba, au unaiomba mashine kazi isiyo yake. Angalia pia mguu unainuka kiasi gani. Cherehani ya nyumbani huinua karibu milimita 6, na ngozi nne za milimita 2 ni 8. Haziingii hata chini ya mguu.

Dalili: gurudumu ni gumu, kuna kutu

Ugumu unaofanana mzunguko mzima kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda, hasa pale mtu alipotia mafuta ya kula. Mafuta ya taa kidogo kwenye matundu, zungusha, futa, kisha tia mafuta ya cherehani. Italainika. Ugumu unaotokea sehemu moja tu ya mzunguko ni wa kuogopa: ama uzi umejisokota nyuma ya ndoano, ambao unatoka, ama mhimili umepinda.

Hewa yetu ya pwani haina huruma na chuma. Kutu ya juu inayofutika kwa kitambaa na mafuta si kitu. Iliyochimba vishimo kwenye nguzo ya sindano itakula sehemu zinazoisugua. Na kwa wanaoshona ngozi iliyolainishwa kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe, kuna madhara mengine: chuma kikikutana na ngozi hiyo ikiwa na unyevu, inaacha doa jeusi ambalo halitoki kirahisi. Mguu wenye kutu utakuharibia mkanda mweupe wa mteja.

Shika nguzo ya sindano kwa vidole viwili, itikise mbele na nyuma. Isicheze kwa namna unayoweza kuisikia. Ikicheza na mashine inagonga kok-kok ikiendeshwa, viungo vimechoka.

Dalili: mguu unazunguka pande zote, mshono ni mfupi na una alama

Hii haina kasoro, umekutana na mashine ya fundi viatu. Singer 29K ndiyo maarufu. Mguu wake wa juu ndio unaovuta ngozi, na unageuka upande wowote unaotaka. Herufi K inaonyesha ilitoka kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, kwa hiyo ya kweli ina zaidi ya miaka 40. Kwa kutia viraka, zipu za mabegi na midomo ya viatu haina mfano, na inakwenda kwa mguu hata umeme ukikatika. Kwa mshono mrefu wa mkoba itakuchosha, na matundu ya meno ya mguu yataonekana. Hakikisha bobini na kikombe chake vimo, maana kuna zinazotumia bobini ndogo sana na vipuri vyake ni vya kutafuta.

Dalili: dukani ilishona, nyumbani imegoma

Kabla ya kuipakia kwenye guta, toa sindano na kikombe cha bobini, weka ngozi chini ya mguu, ushushe, na kichwa kifungwe kwa kamba au kitolewe kabisa kwenye meza. Kile kipande ulichoshonea dukani kiandike tarehe, ukiweke mfukoni.

Ukifika, shona kipande cha ngozi hiyohiyo, uzi uleule, ukiweke pembeni ya kile cha dukani. Vikitofautiana, angalia kwanza gurudumu linazunguka upande gani. Mota iliyofungwa upya ikigeuka kinyume, haitashona hata mshono mmoja. Kisha angalia mkanda wa mota: ukiubonyeza katikati kwa kidole uingie kama sentimita moja hadi mbili. Uliokazwa kama waya wa gitaa unaelemea mota. Kisha njia ya uzi, kisha sindano uliyoirudisha. Kama vyote viko sawa na bado inaruka, funga vipande viwili pamoja na umrudie muuzaji siku hiyohiyo, kabla guta halijaondoka mlangoni.